Shemeji anataka kukata kabini ya mashine yetu ya shamba

SWALI

Assalaam aleikum Mshauri,

Mimi ni mama wa nyumbani na mkulima, naishi Mambrui. Mume wangu anafanya kazi bandarini Mombasa na huja mwisho wa mwezi. Shamba alilotuachia baba mkwe liko ndani, upande wa Marafa: maembe, mikorosho na minazi kidogo. Tunaliangalia mimi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mtu ninayemheshimu sana, kwa kuwa ndiye aliyetushika mkono tulipooana hatuna kitu.

Mwaka jana tulichanga. Mimi nilitoa pesa za maembe na za chama, shemeji akauza ng'ombe, mume wangu akamalizia, tukanunua gari dogo la shamba kwa Mzungu aliyekuwa akifunga nyumba yake Malindi arudi kwao. Ni la dizeli, viti viwili, nyuma lina bodi inayojiinua kumwaga mzigo. Kabini yake imefungwa pande zote kwa vioo na ndani kuna kiyoyozi. Halina klachi. Unakanyaga pedali linaenda, unaachia linapunguza mwendo lenyewe. Hata mimi ambaye sikuwahi kushika usukani nimejifunza, na sasa natoa kreti shambani hadi pale lamini ambapo lori la Kongowea husimama. Kwenye ule mchanga mwekundu ambako tuktuk husukumwa na watu, hili linapita.

Shida ni joto. Tangu kaskazi ianze, ndani hakukaliki. Chini ya kiti kunafuka moto, baibui linanata mgongoni, na ukiwasha kiyoyozi hewa inayotoka ni ya vuguvugu. Tulimwita fundi wa Malindi akajaza gesi, akalipwa, akaenda zake. Jioni ile ile joto likarudi. Wiki iliyopita tukipanda kilima cha mchanga na bodi imejaa kreti hadi juu, taa nyekundu ya joto la injini ikawaka. Shemeji akasimamisha, akangoja, akaongeza maji ya kisima, tukaendelea.

Sasa shemeji anasema hili si gari, ni jiko la mkaa. Anaendesha milango ikiwa imefungwa kwa kamba ibaki wazi. Tena amekwisha kuzungumza na fundi wa kuchomelea kule Gongoni: wakate kabini yote, waweke paa la bati na mabenchi kwenye bodi, abebe watu siku za soko na watoto wa madrasa asubuhi. Anasema litajilipa lenyewe.

Mimi nina pumu. Vumbi la njia ile nikilivuta, usiku silali. Vioo vile ndivyo vinavyoniwezesha kufanya kazi. Lakini kila nikitaka kusema naona nitaonekana mke wa mdogo anayempinga mkubwa wa nyumba, tena kwa mambo ya magari. Mume wangu nikimpigia simu anasema, "Malizaneni huko huko."

Je, ni kweli kabini haifai kwetu Pwani? Tuuze? Au ninyamaze ikatwe?

Mama wa Maembe, Mambrui

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama wa Maembe.

Usinyamaze, na huyo fundi wa Gongoni mwambieni asubiri kwanza. Shemeji ana haki kwa jambo moja: joto mnalolipata si la kuvumiliwa, na mtu anayeshinda humo mwezi wa pili simlaumu akitamani msumeno. Ila anachotaka kukata hakina kosa.

Hukutaja mashine yenu ni ya kampuni gani, kwa hiyo nitachukua mfano wa Kubota RTV-X1100C, mojawapo ya zile za dizeli zinazotoka kiwandani zikiwa na kabini kamili. Injini yake ni ya silinda tatu, sentimita za ujazo 1,123, nguvu za farasi hazifiki 25. Ndani ya kabini hamna kiyoyozi peke yake. Kuna na hita. Magari haya hununuliwa pia na watu wanaosukuma theluji alfajiri na kulisha ng'ombe kwenye baridi kali, na kwao hita ni jambo la lazima. Hapo ndipo ninapomshuku mchawi wenu.

Hita ile haina moto wake yenyewe. Huchukua maji yaliyopoza injini, yakiwa na nyuzi 80 hivi, ikayapitisha kwenye rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya kabini, kisha feni ikapuliza hewa juu yake. Katikati kuna vali ya kuruhusu maji yaingie au yasiingie. Vali ikiganda wazi, au waya wake ukikatika, maji ya moto yanazunguka karibu na magoti yako mchana kutwa huku kiyoyozi kikihangaika kushindana nayo. Hapo unaweza kujaza gesi kuanzia sasa hadi Idi na hewa itabaki vuguvugu. Fundi anayefungua mita zake za gesi bila kugusa paipu za hita amefanya nusu ya kazi.

Jaribio lenyewe mnaweza kulifanya nyumbani. Injini iendeshwe mpaka ipate joto, kitufe cha joto la kabini kikiwa kimerudishwa upande wa baridi kabisa na kiyoyozi kimezimwa. Zimeni. Kama mnainua bodi ili mwone ndani, wekeni ile nguzo ya kuizuia. Msiamini mafuta ya haidroliki peke yake kushikilia bodi juu ya kichwa cha mtu. Tafuteni paipu mbili za mpira, unene kama wa kidole gumba, zinazotoka kwenye injini kwenda kabini. Msizichanganye na za kiyoyozi, ambazo vichwa vyake ni vya chuma na vimekazwa kwa nati. Hizo zina gesi yenye shinikizo na hazifunguliwi na mtu asiye na vifaa. Zile za hita ziguseni kwa mgongo wa mkono, harakaharaka. Zote mbili zikiwa moto sawasawa, maji yanapita na vali haifungi. Moja ikiwa moto na ya pili vuguvugu tu, vali ni nzima na tutafute kwingine.

Mkikuta haifungi, kwa mtu wa Mambrui dawa ni nyepesi. Injini ikishapoa kabisa, fundi aitoe hita kwenye mzunguko: aunganishe zile njia mbili pale pale kwenye injini ili maji yarudi bila kuingia kabini, akaze klipu, ajazie kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na kutoa hewa iliyobaki ndani. Hakuna atakayeikumbuka. Mkija kuiuza kwa mtu wa Limuru kwenye baridi, ataiunganisha tena.

Joto la chini ya kiti ni jambo jingine. Kwenye mashine za aina hii injini hukaa nyuma ya viti, chini ya bodi, na kinachoitenganisha na mgongo wenu ni ukuta mwembamba, sponji ya kuzuia joto na mipira ya kuziba matundu. Mashine iliyotumika miaka kadhaa mara nyingi mipira hiyo imekauka, au fundi mmoja alipitisha waya akaacha tundu wazi. Ng'oeni viti mwangalie kwa tochi. Mkiona mwanga wa upande wa pili, moto unapitia hapo hapo. Sponji yenye karatasi ya fedha upande mmoja, ile isiyoshika moto, hubandikwa upande wa injini. Ziba na matundu ya waya kwa mpira. Ni kazi ya kumlipa kijana mwenye subira, haihitaji fundi mkubwa.

Lakini iliyonitisha mimi ni ile taa nyekundu, kuliko hata kiyoyozi.

Injini na kiyoyozi vyote hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi, vile vibati vyembamba, ya rejeta na ya kondensa, ambayo ni kama rejeta ya kiyoyozi. Shamba lenu lina vumbi jekundu, majani ya mikorosho yaliyosagika na mbegu za majani makavu, na pale Mambrui upepo wa bahari unakuja na chumvi juu yake. Vikichanganyika na mafuta kidogo yanayovuja, vinashikamana kwenye mapezi mpaka hewa haipiti. Tafuteni zilipo kwenye mashine yenu, maana kila modeli ina mpangilio wake, mzioshe injini ikiwa imepoa, kwa maji ya mpira ya nguvu ndogo, mkielekeza maji kinyume na upande ambao hewa huingilia ili uchafu urudi ulikotoka. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari iwekeni mbali. Inalaza mapezi, na yakilala hewa haipiti tena hata yakiwa safi. Msimu wa maembe fanyeni hivyo kila wiki, na mkitoka ufukweni suuzeni chini kote kwa maji baridi, siku hiyo hiyo.

Maji ya kisima kwenye rejeta, hapana. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, wewe mwenyewe wajua chai yake ilivyo. Chumvi ile hula aluminiamu na kuacha ukoko ndani ya vijia vya maji. Mwageni yote, msafishe, mjaze kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na chumvi. Dumu moja likae kwenye mashine. Na taa ikiwaka tena asifungue mtu mfuniko wa rejeta ikiwa moto. Mvuke ule umeunguza nyuso za watu wazima wanaojua kazi.

Halafu mzigo. Mashine ya daraja hili bodi yake hubeba karibu nusu tani. Kreti ikiwa na kilo 25, ishirini tu umefika. Uliposema bodi imejaa hadi juu nilipiga hesabu na sikuipenda. Kumbuka nguvu ya injini inafika magurudumuni kupitia pampu ya mafuta ya haidroliki, ndiyo maana hukanyagi klachi. Mashine ikilemewa, mafuta yale nayo yanapata joto jingi, na joto hilo lazima litoke mahali. Kwenye mkono wa gia huenda kuna herufi H ya mwendo wa kasi, M ya wastani na L ya taratibu. Kilima cha mchanga na mzigo hupandwa na L, ikiwekwa mashine ikiwa imesimama, si katikati ya kilima. Watu wengi huacha H tangu asubuhi kwa sababu inakimbia, kisha wanasema mashine haina nguvu.

Sasa tuje kwenye kukata. Nguzo za kabini ile si za kushikilia vioo tu. Ni fremu ya kuwalinda waliomo mashine ikipinduka, na gari fupi, jembamba, lililoinuka hivyo kwenye mteremko wa mchanga linaweza kupinduka. Fremu ya namna hiyo hutengenezwa kwa chuma na viungo vilivyopimwa vibebe uzito wa mashine yenyewe. Ukiikata na kuichomelea upya, hata fundi awe hodari namna gani, nguvu iliyopimwa imekwisha. Paa la bati litazuia jua, basi. Milango ikifungwa wazi kwa kamba nayo haisaidii: vumbi linaingia mpaka kwenye mapezi ya kiyoyozi yaliyo ndani, na ubaridi unazidi kupungua. Kwa pumu yako, tafuta kichujio cha hewa ya kabini. Kikiwa cheusi kibadilishwe. Na anayesafisha kichujio cha hewa ya injini asipulize kile cha ndani kwa upepo. Kikichafuka hununuliwa kipya, kwa sababu vumbi likipenya hapo linasaga ringi za pistoni na mtaanza kuona moshi wa buluu.

Kubeba watu nitasema wazi: asibebe. Bodi haina mikanda wala kinga. Watu wanane waliokaa kwenye mabenchi wanapita nusu tani, na uzito wote uko juu. Mashine hizi hukimbia kama kilomita 40 kwa saa, zikizidi ni kidogo, wakati lami ya Garsen mabasi ya Lamu yanaruhusiwa 80. Basi likiwajia kwa nyuma kwenye kona ya Gongoni, dereva wake hatategemea kukuta kitu kinachotambaa namna hiyo. Na sheria ina yake: anayetoza nauli anahitaji leseni ya gari la abiria, na Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inataka gari lolote linalotumia barabara ya umma liwe na bima ya kufidia watu wengine. Kabla ya yote, je, mashine imesajiliwa, na kwa jina la nani? Mwenyewe amekwisha kurudi kwao. Hilo mume wako alifuatilie NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, akiwa huko huko Mombasa, wakati simu ya muuzaji bado inapokelewa. Mpaka hapo, magurudumu yakomee kwenye njia za shamba na pale lori linaposimama pembeni ya lami.

Simzuii shemeji riziki. Jirani zenu nao wana maembe yanayooza shambani kwa kukosa cha kuyatoa mchangani. Atoze kwa safari, kreti na magunia ya korosho, tangi la maji wakati wa kiangazi. Mteja wa mzigo halalamiki joto.

Dizeli mnunue kituoni, si kwenye madumu ya barabarani. Tamaa ya kuchanganya mafuta ya taa ndiyo iliyofanya serikali iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, na mafuta hayo hayalainishi pampu wala nozeli kama dizeli inavyofanya. Tangi lijazwe jioni, maji yaliyotuama kwenye kichujio yamwagwe. Oili hufuata saa za injini, si kilomita. Mita ya saa iko kwenye dashibodi, na kitabu chake kitawaambia ni kila baada ya saa ngapi.

Nirudi kwa shemeji. Nilisoma barua yako mara ya pili nikaona neno "kabini" limebeba na neno jingine. Leo wewe unaendesha, unapeleka maembe yako mwenyewe, unapokea pesa pale lamini. Ikiwa na mabenchi na makanga wa kuita abiria, hutaiendesha tena, kwa sababu itakuwa kazi ya wanaume. Sidhani shemeji amelipanga hivyo. Lakini ndivyo litakavyokuwa, na wewe ulichanga kama wao.

Usiende kumwambia "hapana". Mwambie, "Kaka, nimeambiwa huenda ni hita, tuijaribu kabla hatujakata." Umpe yeye kazi ya kugusa zile paipu. Yeye ndiye aliyelalamikia joto, basi yeye ndiye alipeleke kwa fundi, na likipoa sifa iwe yake; hupungukiwi na kitu. La mabenchi lisisemwe siku hiyo. Lingoje mwisho wa mwezi mume wako akiwepo, mkae watatu baada ya chakula, na aanze yeye kusema, maana ni pesa yake pia. Mtu akisema "malizaneni huko huko" anamwachia mkewe mzigo wa kumkatalia kaka yake, na hilo si haki. Mwambie hivyo kwa simu, kwa upole, leo.

La pumu usilifiche. Wazee wetu husikia ugonjwa upesi kuliko hoja za magari. Mweleze ulivyolala usiku ule, aelewe kwamba vioo si maringo.

Kuhusu kuuza, subirini hita, mapezi na kulanti vishughulikiwe, kisha mwendeshe mpaka maembe yaishe. Baada ya hapo ikiwa bado hamwelewani, uzeni, ila kabini ikiwa nzima na vioo vyake vyote. Wanunuzi wapo: kampuni za chumvi za Gongoni na Marereni, hoteli za ufukweni, wenye mashamba makubwa kandokando ya Sabaki. Hao hutaka mashine iliyofungwa, na watauliza mita ya saa na daftari la matengenezo. Daftari hilo lianzeni sasa: tarehe, saa za mita, nani ameendesha, nani amejaza dizeli. Ukurasa wa kwanza uandikwe kila mmoja alichanga kiasi gani, na wote watatu mtie sahihi.